Ndege wa mguu wa kuazima

Saa tatu na robo asubuhi, mtafiti anaanza tena kumng'oa ndege mguu.

Ameketi kwenye kigoda kirefu, jicho moja kwenye hadubini. Mkono wake wa kulia umeshika kekee nyembamba kama kalamu, inayolia kwa sauti ile ile ya kliniki ya meno. Mbele yake, juu ya mto uliojazwa mchanga, limelala jiwe bapa la rangi ya maziwa yaliyochacha, ukubwa wa sinia dogo. Ndani ya jiwe kuna mifupa ya ndege asiyefikia njiwa kwa umbo. Shingo imepinda nyuma, bawa moja limekunjuka.

Kila baada ya dakika chache anazima kekee, anapuliza vumbi, kisha anachukua mswaki wa mtoto na kulisugua goti la ndege taratibu. Anachokiondoa si jiwe. Ni gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mawe, na aliyeipaka ni baba yake mzazi.

"Leo siku ya tatu," anasema bila kuinua kichwa. "Ameibandika vizuri mno. Namkasirikia na huku namsifu."

Mwanamke huyu wa miaka 46, ambaye wenzake hapa makumbusho humwita Mama Ndege, ni mtaalamu wa visukuku vya ndege, yaani mifupa ya ndege waliokufa zamani za kale hata ikageuka jiwe. Kwa miaka kumi na tisa jina lake na la ndege huyu mmoja yameandamana kama uzi na sindano. Mwezi wa pili mwaka huu, uzi ukakatika.

Ndege mwenyewe alijulikana kwa jina la Muundi Mrefu, kwa sababu ya mguu wake. Kiwiliwili kidogo, mguu kama wa korongo. Katika tasnifu yake ya shahada ya uzamivu, mtafiti alieleza kwamba ndege wa namna hiyo alisimama ndani ya maji ya kina kifupi akivizia chakula, na kwamba hapo alipofia palikuwa na ziwa lisilozidi magoti. Hoja ilipokelewa. Ikaingia kwenye kitabu cha sayansi cha shule za sekondari. Makumbusho nayo yakamfanya Muundi Mrefu kuwa nembo yake, langoni, kwenye barua na kwenye mashati ya walinzi.

Habari yenyewe ilianzia mbali na makumbusho, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa yaliyokuwa yakitoa mabamba ya kutandika sakafu. Baba yake alikuwa mpasua mawe. Wenzake walimpa jina la Tindo, kwa kuwa akiishika tindo na nyundo alilifungua jiwe kama mtu afunguavyo kitabu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kulivunja. Kazi hiyo ilimchukulia vidole viwili vya mkono wa kushoto na kumwachia kikohozi kisichokwisha hadi leo, akiwa na miaka 78.

Binti alikuwa na umri wa miaka tisa siku Mzee Tindo aliporudi nyumbani amevaa fulana tu, shati la kazi amefungia kitu kizito. Akasogeza sahani, akakiweka mezani, akamwambia mkewe kwamba leo wamepata mgeni asiyekula wala kunywa.

"Nilimgusa kwa kidole kimoja," anakumbuka mtafiti. "Nilidhani amelala."

Jiwe lilikaa juu ya kabati la vyombo kwa miaka mitatu. Mwalimu wa sayansi akasikia, akaandika barua makumbusho, na asubuhi moja gari likaja na watu wawili waliovaa tai. Mzee Tindo alipewa cheti chenye fremu na redio ndogo. Binti yake aliuliza kama anaweza kwenda kumsalimia ndege. Akaambiwa aje. Akaenda kila likizo, mpaka walinzi wakaacha kumuuliza anamtafuta nani.

Njia yake haikuwa ya mteremko. Baada ya shahada ya kwanza alifanya kazi ya kujitolea miaka minne, akiosha chupa na kubandika namba kwenye visanduku, jioni akifundisha watoto wa watu masomo ya ziada ili apate nauli. Ili kuijua mifupa ya ndege wa kale ilimbidi aijue ya ndege wa leo. Kwa hiyo akawa anaokota ndege waliokufa, anawachemsha hadi nyama itoke, anaikausha mifupa na kuipanga. Leo kabati lake lina mifupa ya ndege 212.

"Mama mkwe aliwahi kufunua sufuria moja akidhani ni mchuzi," anasema na kucheka kidogo. "Tangu hapo akija kwangu, salamu yake ya kwanza ni kuuliza sufuria ya watu ni ipi."

Kicheko hicho kinaisha tunapofika kwenye habari ya hospitali.

Hospitali kubwa ya mji ilikuwa imepata mashine mpya, ile inayomzunguka mgonjwa aliyelala na kumpiga picha vipande vipande. Mtafiti aliomba kuitumia Jumapili mchana, wagonjwa wakiwa wachache. Alitaka kuona namna fuvu la Muundi Mrefu lilivyo kwa ndani. Mguu haukuwamo kabisa katika mawazo yake. Aliingia na jiwe amelivingirisha kwenye blanketi, akalilaza kitandani kama anayemlaza mtoto.

Mpiga picha, kijana mcheshi ambaye hakuwa na habari yoyote na mambo ya ndege, alitazama kioo dakika zisizofika kumi. Kisha akageuka.

"Samahani, Dokta," akasema. "Huyu mgonjwa wako ana mguu wa kuazima."

Alidhani ni mzaha. Akasogea. Pale gotini, kati ya paja na mfupa mrefu wa muundi, palikuwa na mstari mweusi umejaa vitone vya duara, vidogo kama mbegu za mchicha. Yalikuwa mapovu. Gundi ikikauka huacha mapovu, na jiwe halina mapovu ya namna hiyo. Chini ya mstari ule hata matabaka ya jiwe yalikwenda upande mwingine, kama ubao uliochomekwa kinyume.

Alimwambia kijana mashine yake ni mbovu. Kijana hakubishana, akapiga tena. Wakapiga mara ya tatu. Ndipo mtafiti akatoka nje ya chumba na kuketi kwenye benchi la wagonjwa. Mama mmoja aliyekuwa amefungwa mkono alimtazama usoni na kumuuliza kama amepewa majibu mabaya. Akajibu ndiyo. Yule mama akamshika kiganja kwa mkono wake mzima, wakakaa hivyo mpaka mama akaitwa.

Watu wamemuuliza mara nyingi ilikuwaje, kwa miaka kumi na tisa, jicho la mtaalamu lisione. Ana majibu ya kitaalamu: jiwe lilikuwa limepakwa vanishi, rangi zililingana, mashine kama ile haikuwapo. Lakini si hayo anayoyategemea.

"Nilikuwa nimeamini kabla sijaangalia," anasema. "Huyu hakuwa kisukuku kwangu. Alikuwa mgeni wa nyumbani."

Mwanzoni alimshuku fundi wa zamani wa makumbusho, ambaye ni marehemu. Alitaka sana awe yeye. Akashinda stoo wiki nzima akifunua majalada, hadi akalipata daftari la mapokezi la mwaka ule na picha iliyopigwa siku jiwe lilipofika, kabla fundi yeyote hajaligusa. Mguu ulikuwapo, mrefu kama kawaida yake.

Basi mguu ulitoka nyumbani.

"Hesabu ilikuwa nyepesi," anasema. "Nyumbani tulikuwa wanne. Mama alikuwa hataki hata kuligusa vumbi la mawe. Kaka yangu hakuwa na subira ya kuziba pancha ya baiskeli. Mimi nilikuwa na miaka tisa."

Siku kumi na moja zilipita kabla hajaenda. Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, alimkuta baba yake sebuleni akikaza skrubu za kiti. Mke wa Mzee Tindo alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo mzee hutengeneza hata vitu visivyoharibika. Mtafiti aliiweka picha ya hospitali mezani. Mzee akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama tena. Binti yake alikuwa akiomba moyoni mzee aulize ile ni picha ya nini.

"Nilifanya kazi safi," akasema mzee. "Imechukua miaka thelathini na saba kuonekana."

Mtafiti alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa machozi, hata kwa hasira. Hakujiandaa kwa fundi anayejivunia kiungo chake.

Mzee alieleza bila kukwepa. Ndege alitoka mwambani akiwa na paja tu, kuanzia gotini kushuka hakukuwa na kitu. Usiku ule ule wa mgeni asiyekula, binti yake alimuuliza mguu uko wapi, na alipoambiwa haupo akalia, akasema sasa huyu atasimamaje. Mtafiti hakukumbuka hata chembe ya hayo. Mzee alikumbuka. Na alikuwa na mguu mmoja mkavu ndani ya jiwe jingine, alioupata mwaka uliotangulia na kuuficha, kwa kuwa msimamizi wa machimbo aliagiza kila kipande kilichovunjika kipelekwe kwenye kinu cha kusaga kokoto. Kesho yake akamchukua ndege, akamwambia mtoto mguu umefunikwa na jiwe, anakwenda kuufunua. Baada ya siku mbili akamrudisha akiwa kamili.

Binti alimuuliza swali moja tu: kwa nini hakusema.

"Ningesema lini, mwanangu?" akajibu. "Siku wale wenye tai walipousifu mguu? Au siku ya mahafali yako, umevaa joho, unaniambia ni mimi niliyekufikisha?"

Hakumpigia baba yake kelele. Aliaga, akatoka, akapanda basi. Alipofika nyumbani kwake mumewe ndiye aliyemwonyesha kwamba amevaa kandambili za mzee, kubwa, za buluu, na viatu vyake ameviacha huko. Hakurudi kuvichukua. Wiki saba hawakuzungumza.

Kazini alimweleza mkuu wa makumbusho. Naye alipigwa na butwaa, akafunga mlango. Kisha akazungumza kwa upole, na mtafiti anasema upole huo ndio uliomtisha zaidi. Alimkumbusha nembo, kitabu cha shule, wageni wanaopanga foleni. Akamwambia wanaolijua jambo hili ni wanne, na wakinyamaza watabaki wanne.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata," mtafiti anasema. "Lakini mimi nafundisha. Kila mwaka ningesimama mbele ya vijana na kuwauzia gundi."

Mwezi wa nne, kwenye mkutano wa mwaka wa watafiti, alipanda jukwaani na kuionyesha picha ya hospitali. Alisema maneno machache: mguu si wa ndege huyu, ulibandikwa kabla ya kufika makumbusho, hoja yake ya miaka kumi na tisa haina pa kusimama, na anaifuta. Kwa hesabu yake, makala kumi na nne za kisayansi ziliutegemea mguu huo. Tisa ni zake.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Kisha mwanafunzi wake wa zamani akasimama, kwa sauti ya chini, akasema, "Mwalimu, tasnifu yangu nzima imesimama juu ya mguu huo." Kijana akakusanya karatasi zake na kutoka. Wanafunzi watatu waliandika tasnifu kwa kumtegemea Muundi Mrefu. Wawili wanaendelea kuwasiliana naye. Huyo hajapokea simu yake hadi leo.

Yaliyofuata yalikuja kwa barua. Ya kwanza ilimvua ukuu wa idara. Ya pili ilitoka kwa wachapishaji wa kitabu cha shule. Mtaani akapata jina jipya, Dokta Gundi. Ndege akaondolewa kwenye sanduku la kioo, ingawa nembo bado iko langoni na kwenye mashati. Mlinzi niliyemuuliza alisema hana shati lingine.

Lakini lililomshtua zaidi halikuja kwa barua. Lilikuja kwa miguu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano mlinzi alipiga simu ndani kusema kuna mzee langoni, hana miadi, na anakataa kuketi. Alikuwa Mzee Tindo. Alivaa koti lake la harusini, kwapani ana mfuko wa plastiki wenye viatu vya binti yake, na mkononi kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba. Hakuja kuomba msamaha. Alikuwa amesomewa gazeti na jirani, akasikia kwamba mguu ulibandikwa na "mtu asiyejulikana".

"Mbona umenificha?" alimuuliza mwanawe mbele ya watu. "Mimi si mwizi. Nyundo yangu, gundi yangu. Niandike."

Mtafiti alimkalisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama. Anasema hapo ndipo machozi aliyoyabana tangu hospitali yalipotoka, na mzee hakumbembeleza, alingoja tu amalize. Kisha akafungua kamba ya kopo.

Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na kipande cha jiwe chenye ukubwa wa kiganja. Mzee Tindo alisema ni masalio ya lile jiwe la mguu. Alipoukata mguu alioutaka, kipande hiki kilibaki, na yeye hajawahi kutupa jiwe lenye mtu ndani yake. Miaka thelathini na saba lilikaa chini ya kitanda chake, pamoja na misumari.

Lilikuwa na paja, nusu ya nyonga, na pingili nne za mkia. Paja hilo lilikuwa karibu mara mbili ya lile la Muundi Mrefu.

Mtafiti hakulala vizuri siku zilizofuata. Kama kipande kile na mguu vilitoka kwa ndege mmoja, basi ndege mwenye miguu mirefu aliishi kweli, na yeye alikuwa amemwona nusu yake kila siku bila kumjua. Lakini maneno ya baba yake, baada ya yote yaliyotokea, hayakutosha. Ilibidi mguu utoke ili vipande vikutanishwe. Ndiyo sababu ya kekee, mswaki na siku hizi tatu.

Siku ya nne, Alhamisi, saa sita na dakika kumi, mguu unatoka.

Hakuna sauti. Unalegea tu, kama jino la mtoto. Mtafiti anauweka juu ya pamba, anavua glavu, anafuta viganja kwenye sketi, anavaa glavu nyingine. Analichukua jiwe la kopo. Anasogeza ncha kwa ncha chini ya hadubini, milimita kwa milimita.

Vinaingiana. Ukingo wa jiwe, ufa wa mfupa, hata doa dogo la kutu lililokatwa katikati, nusu huku na nusu huku.

Anajitenga na meza, anakaa sakafuni. Ananiomba niangalie mimi, ninayejua kuandika tu, nimwambie ninachokiona. Namwambia naona doa moja. Anataka niangalie tena. Naangalia. Ni doa moja.

Kisha anampigia baba yake simu. Mazungumzo hayafiki dakika. Baadaye mtafiti anasema mzee hakushangaa hata kidogo, alitaka tu kujua kama gundi ilitoka bila kuuchubua mfupa.

Safari hii mtafiti hana haraka ya kutangaza. Paja, mguu, nyonga na pingili nne si ndege, anasema, ni sehemu ya ndege. Anataka kichwa, bawa, kifua. Anataka kuona kwa macho yake mwamba uliomtoa. Na mtu pekee anayelijua tabaka hilo ni mpasua mawe mmoja aliyestaafu, mwenye vidole vinane na kifua kibovu.

Machimbo yalifungwa zamani, na sehemu ya chini imejaa maji. Tabaka ambalo Mzee Tindo anasema aliutoa mguu liko juu, upande wa mashariki, bado kavu. Mwenye eneo ametoa ruhusa ya siku kumi na mbili kuanzia mwezi ujao. Daktari wa mzee naye ametoa yake, kwa masharti: saa mbili tu kwa siku, pua na mdomo vifunikwe, na asishike nyundo. Sharti la mwisho mzee amelisikia lakini hajasema kama amelikubali. Mwanafunzi mmoja kati ya wale watatu ameomba kwenda. Makala mpya ikiandikwa, jina la Mzee Tindo litatajwa mahali pawili: kama aliyevumbua ndege wawili, na kama aliyewaunganisha.

Namuuliza mtafiti atafanya nini wakimaliza siku kumi na mbili bila kupata hata ukucha. Anaufunika mguu kwa pamba.

"Watoto hatukuruhusiwa kukanyaga machimbo," anasema. "Baba alikuwa anatoka alfajiri, anarudi mweupe kwa vumbi, anaoga, analala. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kumwona akifanya kazi. Nikikosa ndege, nitakuwa nimeliona hilo."

Tayari ameshanunua viti viwili vya kukunja.